Vinanda vya Miaka ya Themanini Vina Nani wa Kuvitetea?

Jumamosi moja mwezi uliopita, jirani yangu hapa Kiamunyi aliamua kusafisha stoo ya marehemu baba yake. Kwetu mtu akisafisha stoo habari huenea upesi, maana wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawakosi kupita na mikokoteni yao kwenye barabara ya Kabarak wakipaza sauti. Nilipofika langoni nilikuta birika lililotoboka, baiskeli isiyo na magurudumu, na katoni mbili za kaseti. Mwenye mkokoteni alikuwa amechukua birika na baiskeli. Kaseti alizikataa. Plastiki ya namna hiyo, alisema, haina soko. Basi zilikuwa zinangoja kuchomwa pamoja na majani makavu ya mparachichi.

Niliziomba, nikapewa, na mwenye kunipa akacheka. Nilipozipanga mezani nilipata nyimbo nyingi za injili, nikapata Joseph Kamaru na Daniel Kamau, nikapata Wakongo wa kila rangi, na chini kabisa, zikiwa zimefungwa kwa mpira, kaseti kumi na nne ambazo marehemu aliziandika mwenyewe kwa kalamu ya wino: "Disko, VOK, 1984". "Vinanda". "Vinanda 2". Mzee huyu sisi tulimjua kwa ng'ombe wake na kwa ukali wake juu ya mipaka ya shamba. Kumbe usiku alikuwa akikaa na redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, akivizia nyimbo za vinanda vya umeme!

Ndugu msomaji, maoni yangu nitayasema mapema ili asiyeyataka ageuze ukurasa. Muziki wa vinanda vya umeme wa miaka ya themanini, ule wa ng'ambo na hasa ule uliopigwa na watu wetu wa Afrika Mashariki, umedharauliwa bure. Tumewavika mashada wapiga gita, na wanastahili. Lakini mpiga kinanda tumemwacha nje ya uwanja kana kwamba hakuwahi kutufanya tucheze.

Tukumbushane kwanza mambo yalivyokuwa. Chombo hiki, sintesaiza, hakina waya wa kutikisika wala ngozi ya kupigwa. Umeme wenyewe ndio unaotengenezwa uwe wimbi, kisha wimbi hilo linachongwa mpaka litoe sauti unayotaka. Kwa miaka mingi kilikuwa chombo cha matajiri na vyuo vikuu. Mambo yaligeuka Wajapani walipokiteremshia bei. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ilitoa mashine ya ngoma iliyoitwa TR-808. Mwaka 1983 Yamaha wakatoa kinanda cha DX7, kilichotumia ujuzi uliovumbuliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Casio nao wakatoa vinanda vidogo ambavyo mtu angeweza kuvikwapia akaingia navyo kwenye matatu. Uingereza vijana waliokuwa hawajui hata kukaza nyuzi za gita wakaunda vikundi kama Human League na Depeche Mode. Wimbo wa Human League, "Don't You Want Me", uliongoza orodha ya Uingereza Krismasi ya 1981, na mwaka uliofuata ukaongoza Marekani.

Sisi huku tuliupokea kwa njia ya Sauti ya Kenya, yaani VOK, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa KBC. Hatukuwa na jina la kuuita. Chochote kilichokuwa na mdundo usiochoka tulikiita disko, basi. Wakubwa hawakuupenda. Mwaka 1980 VOK ilikuwa imeamriwa kwamba robo tatu ya muziki wake uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu, lakini fikira iliyokuwa nyuma yake ilidumu: kwamba kuna muziki wetu na kuna muziki wao, na kwamba kinanda cha umeme ni chao. Mimi naona hapo ndipo tulipopotea njia.

Hebu tuliangalie neno lenyewe. Kinanda ni neno la zamani la Pwani. Wazee waliliita kinanda hata gambusi, chombo cha nyuzi. Baadaye harimoni ikaja, ikaitwa kinanda. Santuri ikaja, nayo ikaitwa kinanda. Chombo cha kupuliza mdomoni ni kinanda cha mdomo. Lugha yetu haikumwuliza mgeni pasipoti. Ilimsikiliza, ikamkaribisha ndani. Wapigaji wa taarabu wa Mombasa walichukua tashkota, chombo cha Kijapani kilichobuniwa mwaka 1912, chenye vitufe kama vya taipureta, wakakitia umeme wakakipigia harusi mpaka watu wakadhani kimezaliwa Mji wa Kale. Hapa bara, babu zetu Wakikuyu walichukua kodiani ya Wazungu pamoja na kichuma cha duara cha karing'aring'a wakacheza mwomboko. Leo mwomboko unachezwa kwenye sikukuu za taifa kama utamaduni wa asili, na hakuna anayeinua mkono kusema kodiani ilitoka Ulaya. Magharibi ya Kenya, enzi za akina George Mukabi, chupa ya Fanta ilikuwa chombo cha muziki. Sasa iweje chupa ya soda ipewe uraia, kinanda cha Casio kinyimwe?

Mtu ataniambia: haya, tutajie basi hao watu wetu waliopiga vinanda hivyo, na walifanya nini cha maana. Nitawataja.

Wa kwanza ni Mombasa Roots. Bendi hii ya ndugu wa Mombasa, iliyokuwa ikipiga katika hoteli za watalii za Pwani, iliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ikaivisha nguo za disko. "Disco Chakacha" ilitikisa nchi. Usidanganywe na jina ukadhani ni mzaha wa kuwafurahisha Wajerumani ufuoni. Chakacha ina mwendo wa kiuno usiotaka kuharakishwa, na disko ina mwendo wa saa ya ukutani. Kuviweka viwili hivyo kitanda kimoja visigombane ni kazi ya fundi. Lakini leo mtalii akishuka Mombasa anapigiwa "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, na mwananchi akitaka zilizopendwa anapigiwa rumba. Chakacha ya disko imeangukia katikati, haina mwenyewe.

Wa pili ni Mwethiopia, Hailu Mergia, na habari zake nitazikalisha kidogo kwa sababu zinaniuma. Huyu alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, bendi iliyokuwa ikipiga Hilton ya Addis Ababa katika miaka ya utawala wa Derg. Mwaka 1981 bendi ilisafiri kwenda Marekani, na yeye na baadhi ya wenzake wakabaki huko. Mwaka 1985, huko Washington, aliingia peke yake katika studio ndogo. Alikuwa na kodiani, chombo alichokipiga tangu ujana wake, na pembeni akaweka kinanda cha DX7, piano ya umeme, Moog na mashine ya ngoma. Akapiga nyimbo za zamani za kwao katika mizani ya Kihabeshi, yeye mwenyewe kila kitu. Ukiisikiliza kaseti hiyo utasikia jambo ambalo Wazungu wa wakati ule, kwa ustadi wao wote, hawakulipata: mashine imeshika mwendo bila kuyumba, na juu yake kodiani inalia kama mtu aliyeko mbali na kwao. Ubaridi wa mashine ndio unaofanya kilio kisikike.

Kaseti iliuzwa miongoni mwa Wahabeshi, kisha ikasahauliwa. Mergia akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles. Alibeba kinanda kidogo ndani ya gari, na akiwa foleni anangoja abiria alikuwa akifanya mazoezi. Ndipo Mmarekani mmoja, Brian Shimkovitz, aliyekuwa akikusanya kaseti za Afrika, akaipata ile kaseti huko Bahir Dar, Ethiopia, akamtafuta mwenyewe, na mwaka 2013 akaitoa upya. Mwaka 2018 Mergia akatoa albamu mpya, "Lala Belu", akiwa mtu mzima aliyepita miaka sabini, akizunguka Ulaya kwenye majukwaa.

Wa tatu ni Wasomali. Dur-Dur Band ya Mogadishu ilikuwa bendi ya watu binafsi katika nchi ambayo muziki mwingi ulikuwa mikononi mwa serikali. Ilicheza katika mahoteli ya mji huo miaka ya themanini, vinanda vikiwa mbele, huku sauti za waimbaji zikifuata mizani ya Kisomali yenye noti tano. Vita vikaimeza Mogadishu. Hargeisa ilipigwa mabomu mwaka 1988, na kabla ya hapo watu wa redio walichukua kanda wakazifukia ardhini ili zisiangamie. Nyingine zilipelekwa nje ya nchi. Leo kituo cha utamaduni cha Redsea mjini Hargeisa kina kaseti zaidi ya elfu kumi, na kutoka hazina ya namna hiyo ndipo ulipotoka mkusanyo wa "Sweet as Broken Dates" wa mwaka 2017, ambao uliteuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Watu walichimba mashimo chini ya tishio la mabomu ili kuokoa kaseti. Sisi hapa Nakuru, tulio na amani na mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, tunaziwashia moto pamoja na majani ya parachichi.

Huko Afrika Magharibi habari ni hiyo hiyo. Francis Bebey wa Kamerun, William Onyeabor wa Nigeria: wote walipiga muziki wa vinanda wa ajabu, wote wakasahauliwa, na wote wakaja kutolewa upya na kampuni za Paris na New York, Bebey mwaka 2011 na Onyeabor mwaka 2013. Sina ugomvi na Wazungu waliofanya kazi hiyo. Ninaona haya tu kwamba kila mara anayekuja kutuonyesha kilicho stooni kwetu ni mgeni. Ndiyo sababu nampa heshima kijana wetu anayejiita KMRU, mwanamuziki wa mitambo aliyezaliwa Nairobi, ambaye ni mjukuu wa Joseph Kamaru. Mzee alifariki Oktoba 2018. Mjukuu, ambaye muziki wake mwenyewe hauna hata gita moja, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Mtoto wa mashine anamwokoa mzee wa gita. Wanaosema vinanda ni adui wa mila waanzie hapo kujibu.

Lakini iko hoja moja ambayo siwezi kuirukia, na ilikuja nyumbani kwangu kwa miguu yake. Jumapili iliyofuata ile Jumamosi ya kaseti, shemeji yangu alinitembelea. Ameoa dada yangu mkubwa, na katika siku zake alikuwa mpiga dramu katika bendi ya hoteli moja mjini Nakuru. Nilimwonyesha katoni zangu kwa furaha. Alizitazama, akasoma "Vinanda 2", akairudisha mezani kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Shemeji," akasema, "hiki ndicho kilichonifukuza kazi."

Habari zake nilizijua, ila sikuwahi kumsikia akizieleza kwa utaratibu. Walikuwa sita. Mwaka 1987 meneja alinunua kinanda chenye mashine ya ngoma ndani yake. Mwezi wa kwanza alimpunguza mpiga besi. Mwezi wa pili zamu ilikuwa ya shemeji. Kufika mwisho wa mwaka alibaki mtu mmoja, kinanda chake, na kikombe cha chai juu ya spika. "Yule kijana hakuwa mbaya," alisema shemeji. "Lakini mashine haili, haiugui, haiombi nauli ya usiku." Yeye aliuza dramu zake kwa kanisa, akalipa karo, akaanza kuuza mbegu na mbolea. Hajapiga tena.

Basi mimi nitajibu nini hapo? Nisingeweza kumwambia habari za mizani ya Kihabeshi. Nilijaribu kumweleza kwamba mugithi huu wa mpiga gita mmoja, unaochezwa kwenye mabaa yetu mpaka alfajiri, nao mara nyingi ngoma zake ni za mashine, na watu wanauita muziki wetu halisi. Akanijibu kwamba hilo ni kweli, na kwamba ndiyo maana yeye hakanyagi huko. Ana haki. Mashine ile ilipunguza bendi kote nchini, pamoja na kaseti za wizi zilizowanyima wanamuziki malipo yao. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya kusahauliwa kwa muziki ule, kuliko hata maneno ya utamaduni: wale ambao wangeutetea, yaani wanamuziki wenyewe, wengi wao uliwatoa jasho baya. Nani atasimulia kwa fahari sifa za kitu kilichomla mkate?

Hata hivyo nilimwambia, na bado nasema, kwamba meneja ni mmoja na kinanda ni kingine. Mergia hakumfukuza mtu. Alikuwa peke yake ugenini, na mashine ilikaa mahali pa bendi ambayo hakuwa nayo. Nakubali pia kwamba mengi ya wakati ule yalikuwa takataka. Kulikuwa na nyimbo za vidole viwili, mdundo ule ule wa kiwandani kutoka mwanzo hadi mwisho, sauti za tarumbeta za bandia zinazokwaruza meno. Lakini je, rumba haina takataka? Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, na hakuna aliyedai kwanza zichujwe nyimbo zake mbovu.

Shemeji alicheka kidogo, akanywa chai, akaenda zake. Na hapo, msomaji, ningemaliza makala haya kama si jambo moja ambalo nimelificha tangu mwaka 1986.

Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi, nikikaa kwa dada yangu mjini. Redio ilikuwa yao, kaseti zilikuwa zao. Jioni moja VOK ilianza kupiga nyimbo za vinanda moja baada ya nyingine, na mimi sina kaseti tupu. Nikachomoa moja rafuni, nikatia karatasi iliyolowa katika vile vishimo viwili vya juu, maana kaseti iliyovunjwa vijino haikubali kurekodiwa bila ujanja huo, nikabonyeza. Kwenye ganda paliandikwa kwa mwandiko wa shemeji jina la hoteli na tarehe ya mkesha wa mwaka mpya. Niliona maandishi hayo. Siwezi kusema sikuona. Ilikuwa rekodi pekee ya bendi yao, iliyofanywa na rafiki wa mhazigo. Alipoitafuta miezi kadhaa baadaye, akiwa bado ana kazi, ilionekana imepotea, na lawama ikamwangukia dada yangu, aliyekuwa amehamisha vitu alipopaka rangi. Mimi nilinyamaza. Dada alilaumiwa kwa jambo hilo kwa miaka, kwa utani lakini si utani.

Kaseti yenyewe ninayo. Ilikuwa katika sanduku langu la bati la shule, jina la hoteli limekatwa kwa mstari, juu yake mwandiko wangu: "Disko kali". Jumatano nilikwenda mjini kwa fundi mmoja wa redio ambaye bado anajua kubadilisha mkanda wa mpira wa mashine ya kaseti, akanitengenezea. Alhamisi nikaenda kwa dada na shemeji. Nilitaka wajue kutoka kinywani mwangu, maana si vizuri mtu asome habari za nyumba yake gazetini.

Dada alinitazama kwa muda mrefu. Alisema maneno machache ambayo hayafai ukurasa huu. Shemeji hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akaitia kaseti mwenyewe.

Upande wa kwanza ulikuwa wote vinanda. Sauti ilikuwa imepauka, yenye mawimbi kama redio iliyo chini ya maji, na nilijionea haya kwamba hata wakati ule, moyo wangu uliruka kidogo nyimbo zilipoanza. Upande wa pili vile vile, dakika ishirini na kitu. Kisha ikasikika sauti ya kitufe, kwa sababu jioni ile ya 1986 taarifa ya habari ilikuwa imeanza na mimi nikazima. Na baada ya hapo, katika mkanda uliobaki, palitokea ukumbi uliojaa watu, glasi, mtu akipiga mluzi, na bendi katikati ya wimbo.

Zilikuwa dakika nne na nusu. Dada alikaa kwenye mkono wa kiti. Shemeji aliinamisha kichwa, kidole kimoja kikienda juu ya goti, mpaka mahali ambapo dramu zinavunja mwendo kabla ya kurudi kwenye kiitikio. Hapo kidole kikasimama.

"Nilichelewa hapo," akasema. "Rudisha."